Mashini haikumwona, lakini saini ilikuwa yangu



Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tunafunga sanduku la AVEC yetu, mweka hazina alileta wazo. Kijana wake ana programu ndani ya simu inayoandika hisa, mikopo na faida, na inapiga hesabu yenyewe. Akauliza: kwa nini tuendelee kubeba daftari ambalo limeshalowa mvua mara mbili? Wengi walifurahi. Mimi nilinyamaza, na baadhi yenu mlishangaa, kwa sababu mnajua kazi yangu ni hiyohiyo ya hesabu na kompyuta. Niliahidi kueleza. Basi leo naeleza, ingawa katika habari hii kuna mahali panaponitia haya.

Mimi ni mtoto wa Masisi, na kwa miaka 14 nimekaa nyuma ya dirisha la malipo katika chuo kikuu kimoja mjini Goma. Chuo sitakitaja, kosa nitakalolisimulia lilipita katika vidole vyangu mwenyewe. Kwenye dirisha lile kila pesa ina habari ya mahali ilipotoka. Ya Masisi imetoka kwenye maharage, viazi na jibini. Ya Walikale imetoka kwenye mawese, au kwa baba anayechimba kasiterite. Nimepokea dola zilizokunjwa mara nane katika kona ya kitenge. Nyingine nimezikataa kwa sababu zilichanika kidogo, na nikamwona aliyezileta akizitazama kama anatazama mgonjwa.

Zamani tulifanya hivi. Mwanafunzi alikwenda benki, akalipa, akapewa bordero. Nakala moja alituletea. Sisi tuliandika katika daftari kubwa tarehe, majina, nambari ya mwanafunzi na kiasi, kisha tukampa resi yenye muhuri na saini. Jioni watu wawili tulijumlisha ukurasa, kila mtu peke yake, na kama jumla zetu hazikupatana hakuna aliyekwenda nyumbani.

Sitawadanganya kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Kulikuwa na bordero za uongo, zilizotengenezwa vizuri kuliko za kweli. Kulikuwa na mistari ya wanafunzi iliyoanza saa kumi na mbili asubuhi. Wakubwa walipouliza ni pesa ngapi imeingia mwezi huu, jibu lilichukua majuma matatu, na lilipofika, mwezi mwingine ulikuwa unakwisha. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba programu mpya ya fedha inakuja, mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi mbele ya wengine. Ingeunganisha dirisha letu, ofisi ya kuandikisha wanafunzi, mishahara na manunuzi. Mtu akishalipa, jina lake lingegeuka kijani. Asiyelipa angebaki mwekundu. Mabishano yangekwisha.

Wataalamu walikuja wakatufundisha siku tatu. Siku ya kwanza umeme ulikatika saa nne asubuhi. Siku ya tatu tulipewa vyeti, tukapigwa picha. Kisha tukaambiwa kwamba baada ya majuma mawili madaftari yatafungwa, na kabla ya hapo malipo na deni la kila mwanafunzi viwe vimeingia ndani ya mashini. Wanafunzi walikuwa maelfu, sisi tulikuwa wanne. Tuliandika mchana, tukaandika usiku kwa jenereta, mmoja akisoma daftari kwa sauti na mwingine akipiga herufi. Mimi nilikuwa mpiga herufi. Nyumbani mtoto wangu wa mwisho alikuwa na homa, na kila baada ya saa moja nilitoka nje kutafuta rezo ili nimwulize dada yake kama amekunywa dawa.

Jumatatu ilipofika, madaftari yalipelekwa depo, mlango ukafungwa.

Miezi ikapita, mitihani ikakaribia. Alhamisi moja binti wa mwaka wa pili, mtoto wa Walikale, akaja dirishani. Jina lake katika mashini lilikuwa jekundu. Alidaiwa dola 180, awamu nzima ya pili. Mtihani wa kwanza ulikuwa Jumatatu.

"Mama, mimi nilishalipa," akasema. "Mwezi wa kumi na moja."

"Mashini haikuoni," nikamjibu. "Lete resi."

"Resi iko kwa mama, kule Walikale."

"Basi mimi sina la kufanya. Anayefuata."

Wamama, maneno yale niliyasema bila kuinua uso. Nyuma yake kulikuwa na mstari mrefu, na mbele yangu kulikuwa na rangi nyekundu. Kati ya mtoto na rangi, niliamini rangi.

Kwa nini resi ilikuwa Walikale? Hilo ninyi mtalielewa upesi kuliko wakubwa wangu. Mama yake alikuwa amekopa pesa ile katika AVEC yao, na kanuni yao ni kwamba anayekopa kwa ajili ya masomo analeta resi, inawekwa ndani ya sanduku mpaka deni liishe. Karatasi ilikuwa mahali salama kabisa, chini ya kufuli tatu. Ila kati yake na dirisha langu kulikuwa na barabara ya Nyabiondo, Masisi na Sake, ambayo mnaijua: mvua ikinyesha ni matope, isiponyesha unahesabu bariyeri.

Binti akampigia mama yake simu, na bahati nzuri akampata. Yaliyofuata niliyajua baadaye. Siku ile haikuwa siku ya mkutano, na sanduku halifunguliwi nje ya mkutano. Wenye funguo ni wamama watatu: mmoja alikuwa sokoni, mmoja alikuwa anamwuguza mjukuu, wa tatu alikuwa shamba la mbali. Mama yule alizunguka kwa miguu mpaka giza likaingia, akiwaomba mmoja mmoja. Ijumaa asubuhi walifungua sanduku mbele ya mwenyekiti wao, wakatoa resi, kijana mmoja akaipiga picha, akapanda kilima kutafuta rezo. Saa nane mchana binti alirudi dirishani, akaiweka simu kwenye kioo.

"Mama anauliza," akasema kwa upole, "saini hii ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Mkia wa herufi ya mwisho naukunja kushoto tangu shule ya msingi. Mimi ndiye niliyepokea bordero ya mtoto yule, mimi ndiye niliyemwandikia resi, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba haonekani.

Nilifunga dirisha, watu wakanung'unika. Nikaenda kwa mhasibu mkuu kuomba ufunguo wa depo. Akasema madaftari yameshafungwa, na tukianza kuyafungua kwa ajili ya mtu mmoja, kesho watakuja mia. Nikamwambia: "Papa, wakija mia, basi tumewakosea mia." Alinitazama muda mrefu, akafungua meza, akanipa ufunguo. Namshukuru mpaka leo.

Ukurasa tuliupata upesi kwa sababu resi ilikuwa na nambari. Malipo yalikuwapo, dola 180, kwa mwandiko wangu. Kosa lilitokea katika kuhamisha, na ningependa mlielewe vizuri, kwa sababu linaweza kuingia hata katika kikundi cha watu ishirini.

Kwanza ni majina. Sisi Wakongo tuna jina, posnomu na jina la ubatizo. Benki ilianza na jina la ubatizo, ofisi ya kuandikisha ilianza na jina, na sisi dirishani tuliandika kama mwanafunzi alivyotamka. Mmoja anaandika Mwamini, mwingine Muamini. Jicho la mtu linajua ni mtu mmoja, mashini haijui. Usiku ule wa jenereta nilipiga majina yake kwa mpangilio mwingine, mashini ikanionyesha binti mwingine mwenye majina ya kufanana, nami kwa usingizi nikabonyeza ndiyo. Nambari ya mwanafunzi ilikuwa hapohapo kwenye mstari wa daftari, ila tuliiruka ili twende haraka. Dola 180 za mama wa Walikale zikalala katika akaunti ya mtu aliyekuwa ameshaacha masomo.

Pili ni pesa yenyewe. Minervali tunaihesabu kwa dola, lakini wengi wanalipa kwa franka za Kongo kwa bei ya siku ile. Daftari lilikuwa na safu mbili. Mashini tuliipa bei moja tu, ile ya siku tuliyoanza. Hivyo waliolipa yote kwa franka miezi ya nyuma, wakati dola ilikuwa rahisi kidogo, walionekana wana deni la dola mbili au tatu. Kwa dola mbili jina lilikuwa jekundu, na mtu hakuingia mtihani.

Tatu ni haraka. Kama tungeliacha daftari na mashini vitembee pamoja kwa miezi michache, na kila Ijumaa tukalinganisha jumla, makosa haya yangeonekana mapema, wakati hakuna mtoto aliyesimama mlangoni pa mtihani. Tulimfukuza mlinzi wa zamani kabla hatujajua kama mpya anaona vizuri.

Jumamosi na Jumapili mimi na mwenzangu mmoja tulikaa depo na kupitia kurasa zote za mwaka ule. Jumapili ile sikuenda kanisani. Tulipata wanafunzi 37 waliokuwa wamelipa na mashini haikuwaona. Jumatatu asubuhi binti wa Walikale aliingia mtihani. Lakini wanne kati ya wale 37 walikuwa wameshafunga mizigo na kurudi kwao. Watatu tuliwapata kwa simu, wakarudi. Wa nne, kijana wa Masisi, simu yake haikupatikana tena. Nilituma habari kwa watu wa kilima chao mara mbili. Sikupata jibu. Jina lake sasa ni kijani, na hayupo.

Nilimpigia mama wa Walikale kumwomba radhi. Hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu: "Dada, sisi hatuwezi kufungua sanduku mpaka tuwe watatu. Ninyi, ili mtoto wangu afutwe, mlikuwa wangapi?" Nilikuwa peke yangu, usiku, na kidole kimoja.

Msidhani haya yanatupata sisi tu kwa sababu ya umeme na rezo. Uingereza, posta yao iliweka programu ya hesabu iitwayo Horizon kuanzia mwaka 1999. Programu ile ilionyesha upungufu wa pesa katika ofisi ndogo za posta hata pale ambapo hakuna aliyeiba. Wenye ofisi wakasema hawakuchukua kitu. Wakubwa wakaamini mashini. Watu zaidi ya 900 walihukumiwa, na mwaka 2010 mama mmoja mwenye mimba alipelekwa gerezani. Ni mwaka 2024 ndipo bunge lao lilipitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa wingi. Niliposoma habari ile nilimkumbuka binti aliyesimama mbele ya kioo changu.

Wako pia waliopanga mambo vizuri zaidi. Jirani zetu wa Tanzania, tangu mwaka 2017, serikali yao ina mfumo wa malipo ambamo kila deni linapewa nambari yake ya pekee, hata ada ya chuo cha serikali. Anayelipa kwa benki au kwa simu anataja nambari ile, na pesa inakwenda kwenye deni lake. Majina yakiandikwa vibaya hayaipotezi njia.

Kisha vita vikatufundisha somo jingine. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilibadilisha mikono, na benki za mji zikafunga milango. Programu yetu ilikuwa imezoeshwa kupokea malipo ya benki tu. Walimu wa Walikale wanaijua shida hiyo tangu serikali ilipoanza, mwaka 2011, kulipa watumishi wake kupitia benki: mshahara wako upo benki, na benki iko mbali nawe. Safari hii hata sisi wa mjini tuliionja. Masomo yaliporudi, wazazi walituma pesa kwa simu, mawakala wakakata sehemu yao, na sisi tukayatoa madaftari depo tukaandika kwa mkono. Tulipohamisha tena ndani ya mashini, tulikaa wawili wawili, nambari ya mwanafunzi ikatangulia jina, na kila safu ya franka ikaandikwa na bei ya siku yake. Hakuna aliyepotea.

Kwa hiyo mimi sipingi mashini. Bordero za uongo zimepungua sana. Mistari ya alfajiri haipo. Mkubwa akiuliza pesa ya mwezi, anapata jibu siku ileile. Na malipo yakiingia, ujumbe unakwenda kwenye simu ya mzazi, jambo ambalo tuliliomba baada ya mkasa ule, ili mama aliye mbali ajue kabla ya mtihani kama mtoto wake anaonekana. Ninachokataa ni mtu kuambiwa "haupo" na kufungiwa dirisha.

Sasa nirudi kwenye sanduku letu. Njia hii ya AVEC ilianza na wamama wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, na wengi wao hawakujua kusoma. Ndiyo maana hisa hutajwa kwa sauti mbele ya wote, na funguo hushikwa na watu tofauti. Ule ndio mfumo wetu, na simu ikija iingie ndani yake. Nawaomba tukubaliane hivi:

Daftari na simu vitembee pamoja kwa miezi mitatu, na kila Jumamosi jumla za vyote viwili zisomwe kwa sauti. Zisipopatana, hakuna anayekwenda nyumbani.

Kila mwanachama apewe nambari, na nambari iandikwe kabla ya jina.

Neno la siri la simu lisiwe la mtu mmoja. Mmoja ajue nusu ya kwanza, mwingine nusu ya pili, kama funguo.

Mwanachama akisema "nililipa", kwanza tumsikilize, tufungue daftari mbele yake, ndipo tuseme lolote.

Na ninyi wenye watoto wanaosoma Goma, Bukavu au Kisangani: kabla resi haijaingia katika sanduku, ipigeni picha, picha ikae katika simu mbili. Angalieni kama nambari ya mwanafunzi imeandikwa. Mwezi mmoja kabla ya mitihani, mwambieni mtoto aende dirishani aulize hali yake, asingoje orodha itundikwe mlangoni. Akiambiwa mashini haimwoni, asiondoke. Aulize kwa heshima: "Mama, tunaweza kuangalia daftari?"

Jumamosi nitaunga mkono wazo la mweka hazina. Simu ije, na kijana wake aje kutufundisha, si siku tatu tu. Daftari nalo lije. Nimeshanunua plastiki ya kulifunikia.